Mstari wa Mikuyu

Muataz alifika ziwani asubuhi, akavushwa hadi kisiwani, akauzunguka ukingo wote kwa miguu, kisha akarudi zake Bagamoyo bila kuaga. Habari hiyo Batuli aliipata barazani kwake, akiwa amenyoosha miguu anasuka ukili wa mkeka.

"Hakusema hata atarudi lini?" aliuliza.

"Hakusema chochote," alijibu Shuaibu, mwenye mtumbwi aliyemvusha. "Nikajitia kumchekesha. Nikamwambia, 'Bwana Muataz, kisiwa chenu kimenona, nyie wenyewe tu ndio mmekonda.' Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mamba wa ziwa hili."

"Kuna kitu alikiangalia sana?"

"Mikuyu yako. Alisimama kwenye mche wa kwanza akaipima kwa macho mpaka wa mwisho, akatoa simu, akapiga picha. Nilikwambia, mtani. Wakwere mnaoa kabla ya kuposa."

Shuaibu ni Mzigua na Batuli ni Mkwere, kwa hiyo ni watani. Lolote atakalosema mmoja kwa mwenzake halihesabiwi kuwa tusi, na ruhusa hiyo wameitumia miaka mingi bila ubahili. Siku nyingine Batuli angemjibu kwamba Wazigua hawaposi kabisa, huokota. Siku hiyo aliuweka tu ukili chini.

Batuli alikuwa mjane wa makamo, mtulivu wa sura, aliyewalea wanawe kwa mpunga wa bondeni na kwa mikeka. Alizaliwa kando ya Ziwa Lukenge, bara kidogo ukishaipita Fukayosi, mahali ambapo mto hujitanua wakati wa mafuriko na kuacha maji yasiyokauka mwaka mzima. Katikati ya ziwa hilo kuna kisiwa ambacho watu wa pale hukiita Shamba la Himid. Sehemu yake ndogo ina miembe na minazi mikongwe; sehemu iliyobaki ni mikindu na vichaka, na humo yangeyange na minandi hutaga na kulea makinda kwa kelele zinazosikika hadi kijijini. Perege na kambale huzaliana katika mizizi iliyoinamia maji. Ukindu wa mikeka ya Batuli, kama ulivyokuwa wa mikeka ya mama yake, ulikatwa huko huko.

Mambo yalianza kubadilika pale bwana mmoja kutoka Dar aliponunua ufuko wa upande wa mashariki na kuuzungushia seng'enge. Hakuvunja sheria yoyote. Alinunua, akalipia, akazungushia. Lakini wanawake waliozoea kuteka maji pale walilazimika kuzunguka mbali, na wavuvi wakapoteza gati lao. Haukupita muda ikasikika kwamba bwana huyo anaulizia na kisiwa. Ndipo mkutano mkuu wa kijiji ukakubaliana kuiomba familia ya marehemu Himid ikitoe kisiwa kiwe mali ya watu wote: upande wa miembe pawe bustani ya mapumziko, ambapo wanafunzi na wageni wangekaa kivulini na kutazama ndege, na sehemu iliyobaki iwe hifadhi isiyokatwa, isiyolimwa, isiyochomwa moto. Kamati iliundwa. Ilipofika zamu ya kumtafuta mwenyekiti wake, wanaume waliokuwapo walikumbuka kila mmoja udhuru wake, kwa kuwa mwenyekiti ndiye ambaye angekwenda Bagamoyo kumkabili Bi Ghalia. Batuli hakuwa na udhuru. Aliinua mkono.

Bi Ghalia alikuwa binti mkubwa wa Himid na ndiye aliyebaki peke yake katika watoto wa mzee huyo. Warithi wengine walikuwa wajukuu, waliotawanyika Unguja na Maskati, na mmoja wao, Muataz, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale pale Bagamoyo. Lakini katika familia ile hakuna aliyefungua kinywa juu ya mali ya Himid kabla ya shangazi kufungua chake.

Safari ya kwanza Batuli alipokelewa kwa kahawa na halua, na kwa maswali kuhusu watu waliokwisha kufa zamani. Safari ya pili Bi Ghalia alimwuliza kwa nini watu wa kijijini wapewe bure kitu ambacho wenye fedha wanakitafuta. Batuli alijibu kwamba mwenye fedha akikipata, yeye Bi Ghalia mwenyewe akitaka kukiona kisiwa cha baba yake itambidi aombe ruhusa kwa mlinzi. Bi Ghalia alicheka hadi akashika ubavu.

"We mwanamke una maneno ya polepole, lakini yanachoma," alisema. "Basi. Wenzangu wote watakuwa hapa Idi. Nitasema nao. Nadhani tutawapa."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yamefika karibu. Kilichobaki kilikuwa kungoja. Ila mvua za masika mwaka ule hazikungoja. Zilianza kabla Ramadhani haijafika nusu, ziwa likapanda, na ukingo wa kisiwa upande wa bandari ndogo ukaanza kumeguka vipande vipande na kuanguka majini. Batuli alikuwa na miche ya mikuyu aliyoiotesha nyuma ya nyumba yake, mche mmoja mmoja katika mfuko wake, akiiandaa kwa ajili ya siku ambayo kisiwa kingetolewa. Alijua kwamba mkuyu hushika udongo wa majini kuliko mti wowote wa nchi ile, na kwamba mche uliopandwa baada ya masika ni mche uliocheleweshwa mwaka mzima. Akawakusanya wanawake wenzake wa kamati, wakavuka wakiwa wamefunga, wakapanda mikuyu kufuata ukingo wote ule, kwa kamba, imenyooka. Ilipendeza kuitazama.

Sasa, baada ya Shuaibu kuondoka barazani, Batuli aliifikiria ile picha iliyopigwa kwa simu, na kidogo kidogo akaanza kuiona kwa macho ya aliyeipiga.

Kesho yake alipanda gari kwenda Bagamoyo. Alimkuta Muataz dukani, kati ya mabati na ndoo za rangi. Kijana yule, ambaye siku zote humwamkia kwanza, safari hii alimwamkia akiwa anatazama pembeni.

"Shikamoo, Bi Batuli."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa shangazi yako."

"Shangazi amesema habari ya kisiwa imekwisha."

"Nimesikia. Lakini mimi sijaambiwa na yeye."

Muataz alipumua kwa nguvu. "Mimi nilikuwa upande wenu, unajua? Wallahi nilikuwa upande wenu. Yule bwana wa Dar alikuja hapa mara mbili, nikamwambia angoje, kuna wazee wamekuja kwa adabu. Kwa adabu! Kumbe wenzetu mnazungumza huku, na kule mnajimilikisha."

Batuli hakubishana naye. Alikwenda nyumbani kwa Bi Ghalia, akapiga hodi, akangoja mlangoni hadi akakaribishwa. Mzee yule alikuwa ameketi juu ya msala, tasbihi mkononi, na hakuinuka.

"Mwanangu," alisema, "unajua baba yangu alikipataje kisiwa kile?"

"Najua alipewa na wazee wetu."

"Alipewa, ndiyo. Lakini hakupewa karatasi. Alivushwa, akaambiwa apande mpaka wake mbele ya watu. Akapanda mibono, mstari mmoja kufuata ukingo pale bandarini, na mimi, mtoto mdogo, ndiye niliyekuwa nikimpokeza vijiti. Watu wakala wali, wakashuhudia, wakarudi makwao. Kuanzia siku ile kisiwa kikawa chetu, kwa ule mstari. Mibono ile imekufa zamani, lakini mahali pake napajua. Jana naonyeshwa picha, naona mstari mpya, pale pale. Basi niambie wewe, kisiwa cha nani sasa?"

Desturi ile Batuli hakufundishwa na mtu, aliinyonya. Mama yake alipomwazima jirani kipande cha bonde, alimruhusu mihogo na kunde, akamkataza hata mpapai, kwa kuwa mwenye mti wa kudumu hatimaye huwa mwenye ardhi. Batuli alijua hayo yote. Alijiambia tu kwamba mkuyu si mnazi wala mkorosho, hauna tunda la kupeleka sokoni, kwa hiyo hauwezi kuhesabiwa kuwa dai. Kwa haraka ya kuokoa udongo alikuwa ameusahau mstari. Mtu wa mbali angeona miti kando ya maji, basi. Lakini mtu yeyote aliyezaliwa kati ya Fukayosi na bahari angeona mpaka.

Maneno ya kujitetea yalimjia: ukingo unaanguka, mvua hazingoji, nia ilikuwa njema. Aliyaacha yapite.

"Nimekosa, Bi Ghalia," alisema. "Nikiing'oa?"

Tasbihi ilisimama. "Itang'olewa na nani?"

"Na mkono ulioipanda."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yako, kama utaniheshimu kwa kuja."

"Mimi? Nivuke ziwa kwa umri huu, na funga juu?"

"Baada ya Idi. Kabla ndugu zako hawajaondoka."

Bi Ghalia alianza tena kuhesabu tasbihi. Batuli alikaa akingoja. Alikuwa amezoea kungoja ukindu ukauke. Hakuona tabu kumngoja binadamu.

"Siku ya nne ya Idi," hatimaye Bi Ghalia alisema. "Na sikuahidi lolote. Nitakuja kutazama ikitoka, basi."

Kijijini, ugumu ulikuwa wa namna nyingine. Zuwena, mwanakamati aliyebeba miche mingi kuliko wote, alisimama katikati ya ua wa Batuli na mikono kiunoni.

"Tung'oe miti ili tupewe mahali pa kutunza miti? Dada Batuli, hata wewe unajisikia unachosema?"

"Najisikia."

"Tumevuka na funga! Mimi nilianguka majini na kanga yangu mpya! Na ukishaing'oa, akasema hapana?"

"Atakuwa amesema hapana kwa mtu ambaye hamdai kitu. Leo akisema hapana, anamwambia mwizi. Nataka nimtoe huyo mwizi kati yetu kwanza."

"Na ukingo?"

"Ukingo utaendelea kuanguka," alisema Batuli. "Nalijua hilo, Zuwena. Asiyetaka kuja asije. Lakini asinizuie."

Ulianguka kweli. Siku zote zilizobaki za Ramadhani mvua iliendelea, na kila Shuaibu aliporudi kutoka kutega alileta habari ya kipande kingine kilichozama. Batuli hakuvuka kwenda kutazama. Aliona akienda atashawishika kuegemeza hata jiwe moja.

Siku ya nne ya Idi gari la Muataz lilisimama kando ya ziwa, na Bi Ghalia akashuka amevaa buibui na raba za mjukuu wake. Zuwena alikuwapo, amenuna, lakini alikuwapo. Mtumbwi ulikuwa umetandikwa mkeka mpya.

"Bi Mkubwa," alisema Shuaibu, akimshika mkono, "mtumbwi huu haujawahi kubeba mtu wa heshima. Ukizama, ujue ni kwa kuona haya."

"Ukizama, wewe ndiye utakayenibeba mgongoni," alijibu Bi Ghalia. "Na mimi si mwepesi. Halua ya Idi hii nimeila yote."

"Basi nitaita Wakwere wanisaidie. Wao wamezoea kubeba vya watu."

Zuwena alicheka bila kutaka. Hata Muataz alitabasamu, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Kisiwani, Bi Ghalia aliwekewa kiti chini ya mnazi, akaikunja mikono. Batuli alifunga kanga kiunoni, akainama kwenye mche wa kwanza. Alikuwa ametumaini, bila kumwambia mtu, kwamba akishang'oa michache atasikia sauti nyuma yake ikisema inatosha. Sauti haikusikika. Miche iliyokuwa dhaifu ilitoka upesi. Iliyoshika ilimlazimu kupiga magoti na kuchimbua kwa vidole, na kila mzizi ulipoachia, bonge la udongo lilibingirika likatumbukia majini. Muataz alimfuata hatua kwa hatua, mikono mfukoni, kama karani wa mizani. Yangeyange walikuwa wakiruka juu ya mikindu na kupiga kelele za makinda yao. Zuwena alivumilia hadi katikati, kisha akaja, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kuing'oa ile aliyoipanda yeye. Mizizi walikuwa wakiifunga kwa gunia bichi.

"Mnaifunga ya nini?" aliuliza Bi Ghalia kutoka kitini.

"Nitairudisha kwangu," alijibu Batuli bila kuinua kichwa. "Kwangu haidai shamba la mtu."

Walipong'oa wa mwisho, ukingo ulibaki mtupu, na matope yalikuwa yamewafika viwikoni. Batuli alisimama, mgongo ukimlia, akaja mbele ya kiti.

"Hakuna mstari tena, Bi Ghalia. Kisiwa ni chenu, kama kilivyokuwa."

Bi Ghalia alimwashiria Muataz amwinue. Alitembea polepole hadi kwenye mwembe uliokuwa karibu na maji kuliko yote, akasimama, akageuka huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Banda la baba lilikuwa mbele ya mwembe huu," alisema. "Tulikuwa tukilala humo msimu wa maembe. Kulikuwa na uwanja, na mbele yake ndiyo mibono. Liko wapi?"

Batuli alinyoosha mkono wenye matope kuelekea ziwani. Pale alipoonyesha palikuwa na maji tu, na tawi moja kavu lililojitokeza.

"Lote hilo?"

"Lote, Bi Ghalia. Robo yake imeondoka mwezi huu."

Mzee aliendelea kulitazama lile tawi. "Na siku ile ulipokuja kwangu, kwa nini hukunambia?"

"Ningekuambia siku ile, ningekuwa najitetea. Nilitaka kwanza nirudishe nilichochukua."

Bi Ghalia alimgeukia mpwa wake. "Muataz, baba, yule bwana wako wa Dar alisema atafanya nini na ukingo huu?"

"Si bwana wangu, shangazi. Alisema atajenga ukuta wa mawe kuzunguka."

"Ukuta nao si mstari?"

Muataz alichora kitu udongoni kwa ncha ya kiatu.

"Haya, nisikilizeni wote, na wewe Mzigua uwe shahidi, maana mdomo wako utanisaidia kueneza," alisema Bi Ghalia. "Wenzangu wameniachia neno mimi. Kisiwa hiki tunakitoa. Hatukitoi kwa Batuli, wala kwa kamati, wala kwa mwenyekiti wa kijiji chenu. Kiwe cha kila anayepita, na cha hao ndege wanaotuchafulia nguo. Mikuyu irudisheni, na leo hii, kabla haijanyauka. Lakini ipandeni ovyo. Mmoja hapa, miwili kule, kama iliyoota yenyewe. Sitaki mtoto wa mtu aje siku moja aseme huu ulikuwa mpaka wa babu yake."

"Tumesikia," alisema Batuli.

"Sijamaliza. Mmesema hapatakatwa kitu. Basi pasikatwe kitu. Hata ukindu."

Hapo Zuwena alimtazama Batuli, na Batuli akaitazama mikindu. Katika mipango yake yote alikuwa ameliachia neno hilo nafasi ndogo, mlango wa pembeni wa wanawake na miundu yao, ambao alitarajia kuueleza baadaye, taratibu. Mikeka ndiyo iliyomsomeshea watoto. Aliuona mlango ule ukifungwa, na akatambua kwamba ukiachwa wazi kwa ajili yake, utakuwa wazi kwa kila mtu.

"Hata ukindu," alisema.

"Na maembe je, shangazi?" aliuliza Muataz. "Mwembe huu alinipa babu kwa jina langu."

"Utakula pamoja na ngedere. Wao wakigawa."

Familia ilifika mbele ya halmashauri ya kijiji kabla wageni wa Maskati hawajaondoka, ikatamka kukiachia kisiwa, na wapimaji wa wilaya wakaja baadaye na vyombo vyao. Mkutano mkuu ulipoitwa kulithibitisha jambo hilo, mikono iliinuliwa kwa wingi hadi aliyehesabu akarudia. Ndipo mwanamke mmoja kutoka nyuma akasimama na kuuliza lile ambalo wengi walikuwa wakilinong'ona: wasukaji wa mikeka waende wapi? Au mwenyekiti wa kamati ataruhusiwa kimya kimya?

"Mwenyekiti ndiye wa kwanza kukatazwa," alisema Batuli. "Mkiona mundu wangu kule, nileteni hapa mbele ya mkutano. Ukindu tutautafuta pengine. Mimi nimeanza kuulizia."

Alikuwa ameelekezwa kwenye bonde moja upande wa Makurunge, shamba la mzee aitwaye Mikdad, ambako mikindu ilisemekana kuwa mingi na haina wa kuitaka. Alikwenda na Zuwena, miundu yao imefungwa ndani ya kanga. Njia iliingia moja kwa moja shambani, na ukindu ulianza hapo hapo kando ya njia, mrefu, laini, wa kuchagua.

"Tukate kidogo tu, tukimkuta tutamwambia," alisema Zuwena.

Batuli alikaa juu ya kichuguu, nje ya shamba, akaweka mundu chini.

"Hodi!" aliita kuelekea nyumba iliyokuwa mbali ng'ambo ya mpunga. Hakuna aliyeitika. Alivuta pumzi, akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, akaendelea kukaa pale pale hadi mlango ulipofunguka na mzee akaanza kuja polepole akifuata tuta.